Kamera imekesha, kadi tupu: kutafuta ugonjwa wa kamera ya kutega

Wiki mbili kamera imefungwa mtini, ijipigie yenyewe picha za wanyama wanaopita. Umepanda kilima kuifuata, umerudi na kadi ya memori mfukoni kama mtu aliyebeba yai. Unaichomeka kwenye kompyuta: picha 3,400. Unaanza kuzipitisha. Majani. Majani. Majani na kivuli. Mkia. Majani.

Hapo wengi hukimbilia menyu ya kamera na kubadilisha kila kitu kwa mpigo, au hutangaza kwamba wameuziwa feki. Mimi hutega kamera kwenye mashamba na vipande vya msitu chini ya Milima ya Udzungwa, upande wa bonde la Kilombero, na mara nyingi kosa nililolikuta lilikuwa la aliyeifunga, yaani mimi. Kwa hiyo kabla hujagusa setingi yoyote, kaa na kadi. Kila picha, hata ile tupu, imebeba tarehe, saa, na kwa kamera nyingi nyuzi za joto. Ugonjwa umeandikwa humo humo.

Sensa haioni mwendo

Ukilielewa hili, nusu ya matatizo utayatatua bila kuuliza mtu. Kamera hizi huitwa za kunasa mwendo, lakini sensa yake, yaani kihisi kinachofyatua picha, haioni mwendo. Inahisi joto linalobadilika. Mbele yake kuna kipande cha plastiki nyeupe chenye mistari, kinachogawa eneo lililo mbele kama pingili za chungwa. Mwili wenye joto tofauti na mandhari ya nyuma yake ukitoka pingili moja kuingia nyingine, mtego unafyatuka.

Ndiyo maana upepo mtupu wa saa nane usiku haufyatui chochote: majani na ardhi vina joto linalokaribiana. Upepo huo huo saa saba mchana, jani lililochomwa na jua likiyumba mbele ya kivuli, unafyatua picha hata mia tano. Na ndiyo maana kamera uliyoiweka ndani ya dirisha ili isiibwe haitapiga hata simba akipita uani. Joto la mwili halipenyi kioo. Nimeona kamera iliyojengewa kijumba kizuri cha mbao chenye kioo mbele dhidi ya mvua, kazi ya fundi hasa, imekaa mwezi mzima bila picha moja.

Picha tupu kwa maelfu

Kwanza usivunjike moyo. Mradi wa Snapshot Serengeti uliweka kamera 225 kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125, na kati ya mwaka 2010 na 2013 ulikusanya mafungu ya picha milioni 1.2. Yenye wanyama yalikuwa 322,653. Yaani takriban robo tatu hayakuwa na mnyama, na hao ni watafiti wenye ujuzi wao. Nyasi za Serengeti haziogopi shahada ya mtu.

Sasa panga picha zako tupu kwa saa.

Zikijaa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mshitakiwa ni jua na majani. Rudi pale, piga magoti nyuma ya kamera, tazama inakotazama, kisha fyeka nyasi na vitawi vilivyo ndani ya mita tatu au nne za mwanzo. Usisahau tawi la juu ambalo leo halionekani lakini likilowa mvua litainama mbele ya lenzi. Masika kwetu jani la mgomba changa linaweza kuziba kila kitu kabla wiki mbili hazijaisha. Nilifyeka shina la mgomba nikaacha kichipukizi chake, nikarudi na picha 900 za jani likikua. Ni filamu nzuri, ila si ya wanyama.

Zikijaa alfajiri au jioni, kamera inatazama jua. Ielekeze kaskazini au kusini, jua lisiingie kwenye sensa likichomoza wala likizama.

Zikiwa za usiku, hapo usikubali haraka kwamba ni tupu. Huenda mnyama alipita na kamera ikachelewa. Ongeza mwangaza wa picha kwenye kompyuta, tazama kingo na yale maeneo meusi ya nyuma: macho ya wanyama wa usiku yana utando unaorudisha mwanga, na mara nyingi utaona nukta mbili ziking'aa kule ambako mwili umemezwa na giza. Nukta zikiwa juu mtini, zikiwa kubwa na karibu karibu, huyo ni komba. Pia chunguza kama kuna uzi mweupe uliokatiza picha. Buibui hupenda taa za kamera kwa sababu wadudu hukusanyika hapo, na utando wake ukiwa sentimita tano mbele ya lenzi huonekana kama mzimu.

Kupunguza ukali wa sensa kuwe dawa ya mwisho. Wengi huanza na hiyo. Picha tupu zinapungua kweli, na panya buku na kanu wanapungua nazo.

Nyayo zipo, picha hakuna

Huu ndio ugonjwa unaoumiza, maana unajua mnyama alikuwepo. Mzee mmoja mwenye shamba la mihogo aliniita asubuhi akanionyesha mashimo mapya na miiba miwili ya nungunungu, mmoja umelala mita mbili kutoka kwenye kamera yangu. "Kamera yako hii inalala kuliko mbwa wangu," akasema. Kadi ilikuwa na picha zake yeye tu, akija kukagua.

Sababu ilikuwa urefu. Nilikuwa nimeifunga kifuani pangu, kwa sababu ndipo mikono inapofika bila kuinama, na ilikuwa ikitazama mbele moja kwa moja. Mtu mzima ananaswa vizuri. Nungunungu anapita chini ya pingili zote. Kwa wanyama wa ukubwa huo, kanu, fungo, nyegere, nungunungu, funga kamera kati ya kifundo cha mguu na goti, sentimita 30 hadi 50, iwe sambamba na ardhi. Ardhi ikiwa na mteremko, kamera nayo ifuate mteremko huo; ukiisimamisha wima tu, itakuwa inatazama anga au inatazama udongo. Kijiti kidogo kilichosukumwa nyuma ya kamera, kati yake na shina, kinatosha kuirekebisha.

Halafu pima kwa mwili wako. Kamera nyingi zina hali ya majaribio ambapo kitaa huwaka kila sensa inapokuhisi. Usipite umesimama. Tambaa kwa miguu minne, kwenye njia ile ile ya mnyama, kwa mwendo wake. Ndiyo, watoto watacheka. Waache wacheke, kisha mwombe mmoja wao atambae yeye, maana ukubwa wake unakaribiana zaidi na wa fungo kuliko wako.

Kama urefu uko sawa, tazama mwelekeo wa njia. Mnyama anayekuja moja kwa moja kuelekea kamera anabaki ndani ya pingili ile ile kwa muda mrefu, na sensa inashtuka akiwa ameshafika puani. Anayekatiza anavuka pingili kadhaa kwa hatua mbili. Lakini ukitega kwa kukatiza kabisa utapata ubavu unaokimbia. Mimi hutega mshazari, kama nyuzi 45 na njia, mita tatu hadi tano kutoka pale ninapotarajia apite.

Sababu ya tatu ni joto lenyewe. Kilombero mwezi wa Novemba, saa mbili usiku bado ardhi inafuka joto la mchana. Ndani ya mwili wa mnyama mna nyuzi kama 37 au 38, lakini sensa haipimi ndani. Inahisi uso wa manyoya, ambao unaweza kuwa karibu sawa na ukuta wa udongo au jiwe lililo nyuma yake. Tofauti ikiwa ndogo, kamera inabaki kimya. Kagua nyuzi kwenye picha: kama picha zako zote zinaanza baada ya saa sita usiku, hewa ilipopoa, usihitimishe upesi kwamba wanyama wako hutembea usiku wa manane. Pandisha ukali wa sensa kwa msimu huo, na epuka kutega mbele ya mwamba au kichuguu kinachopigwa na jua la jioni.

Na kuna sababu ya kijinga, nayo imenipata: kile kiplastiki cha kinga kutoka dukani sikukibandua kwenye sensa.

Mkia, mkia, mkia

Kamera ilifyatuka, ila ilichelewa. Kati ya kuhisi na kupiga hupita sehemu ya sekunde, na kwa kamera za bei ya chini hata sekunde nzima. Kanu hakusubiri. Huwezi kununua kasi kwenye menyu, lakini unaweza kumchelewesha mnyama: tega pale anaposimama mwenyewe. Gogo lililolala njiani, mahali pa kunywa maji, kona ya njia, rundo la mavi ambapo fungo hurudi mara kwa mara, tundu kwenye ua wa shamba. Weka picha tatu kwa mfululizo badala ya moja, na muda wa kupumzika kati ya mifululizo uwe mfupi. Ukiuacha dakika moja, mama atapigwa picha, lakini watoto wake wanne watapita gizani.

Sishauri chambo. Fisi akishaelewa kwamba kwenye mti ule huwa kuna mifupa, atarudi hata siku ambayo hukutega, na njia yake inapita kwenye mazizi ya watu.

Nyeupe pee, nyeusi tii, au ukungu

Kama mnyama amekuwa kipande cheupe kisicho na macho wala madoa, alikuwa karibu mno na taa. Sogeza kamera nyuma. Kama mti hauruhusu, bandika plasta nyeupe ya dukani, ile ya vidonda, juu ya sehemu ya taa. Inapunguza na kutawanya mwanga. Usiguse sensa wala lenzi. Lakini kabla ya hayo tazama kama kuna jani moja lililo jirani na lenzi. Jani hilo likimulikwa, kamera inadhani mandhari yote yana mwanga wa kutosha na inapunguza taa, basi jani linang'aa kama mbalamwezi na chui nyuma yake anakuwa kivuli.

Picha ikiwa nyeusi, sababu huwa mbili. Ama betri zimechoka, maana taa za usiku ndizo zinazokunywa umeme, kwa hiyo picha za mchana zitakuwa nzuri na za usiku zitafifia siku hadi siku. Ama umetega penye uwazi mkubwa, mwanga unakwenda usikutane na kitu cha kuurudisha. Kichaka kilicho mita sita au saba nyuma ya njia kinafanya kazi ya ukuta. Aina ya taa nayo ina neno: zile za nanomita 850 (kipimo cha wimbi la mwanga) zinafika mbali zaidi lakini zinaonekana kama vijicho vyekundu, na wanyama wengi huzitazama, za nanomita 940 hazionekani, lakini mwanga wake ni mfupi. Ukinunua za 940 usitegemee kuona mnyama mita 20.

Mnyama akiwa amevutika kama uji, alitembea wakati kamera imefungua jicho muda mrefu. Chagua setingi ya kupunguza kuvutika kwa picha kama ipo, ukubali umbali wa taa kupungua, au rudi kwenye dawa ya mkia: tega anaposimama.

Kuhusu rangi: picha ya usiku ya infraredi, yaani ya mwanga wa taa hizo, ni nyeusi na nyeupe, si kosa. Ina hata faida yake, kwa mfano madoa ya chui mweusi, ambayo mchana yamezama kwenye weusi wake, hujitokeza kwenye infraredi. Wanaotaka rangi hutumia flashi nyeupe. Picha za chui mweusi wa Laikipia, Kenya, alizozitoa mpiga picha Will Burrard-Lucas mwaka 2019 zilipigwa kwa kamera kubwa yenye sensa ya pembeni na flashi zaidi ya moja. Ukijaribu njia hiyo na flashi ikagoma kuanzia saa ya pili, tafuta setingi inayoilaza ikikaa bila kazi. Ukiona rangi ya waridi kwenye picha za mchana, kichujio kidogo ndani ya kamera kimekwama. Ukiigonga polepole na kiganja wakati mwingine kinaachia, na kisipoachia ni kazi ya fundi.

Ukungu wa alfajiri pekee ni umande, futa na ukubali. Ukungu wa kutwa nzima uko ndani ya kioo. Kausha kamera ikiwa wazi, weka ndani vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na kagua mpira wa kuzibia mlango. Unywele mmoja wa nyasi ulionaswa kwenye mpira huo unatosha kuingiza msimu mzima wa mvua.

Nungunungu wa alasiri

Ugonjwa huu sijauona umeandikwa kwenye kitabu chochote cha maelezo, maana walioviandika hawahesabu saa kama sisi. Nilipewa kadi yenye nungunungu watatu, giza totoro, picha nyeusi na nyeupe, na muhuri wa saa unasema 16:12. Saa kumi alasiri! Kijana aliyeitega aliambiwa "sasa ni saa tisa", akaandika 09:00. Ilikuwa saa tisa alasiri, yaani 15:00. Kamera nzima ikaishi saa sita nyuma ya dunia, na nungunungu wetu alikuwa amepita saa nne na dakika 12 usiku kama nungunungu wengine.

Kipimo chake ni rahisi. Tafuta pale picha zinapogeuka kutoka rangi kuwa nyeusi na nyeupe. Huku karibu na ikweta hilo hutokea jioni kati ya 18:00 na 19:00 mwaka mzima, mapema kidogo chini ya miti mikubwa. Mgeuko ukionekana 12:30, umechanganya saa ya Kiswahili, ongeza sita. Ukionekana 06:30 na rangi inarudi jioni, umekosea AM na PM, ongeza kumi na mbili. Picha hazijaharibika, kuna programu za bure za kusogeza saa za picha zote kwa pamoja. Kagua na tarehe pia, kwa sababu kamera nyingi huandika mwezi kabla ya siku, na tarehe 3 Agosti inageuka 8 Machi. Ikiwa miaka imerudi nyuma hadi mwanzo wa karne, betri zilikatika katikati ya kazi.

Siku hizi kila nikitega, picha ya kwanza ni ya simu yangu nikiishika mbele ya lenzi ikionyesha saa, na karatasi yenye namba ya mti. Inachukua sekunde tano.

Betri na kadi

Betri za redio za bei chee hazifai, haziwezi kuwasha taa. Alkalini zinaanza vizuri kisha zinashuka pole pole. Lithiamu zinabaki na nguvu hadi karibu na mwisho, halafu kimya. Za kuchaji ni nafuu kwa muda mrefu, ila kila moja ni volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo nane zinatoa 9.6 mahali pa 12, na kuna kamera zinazodhani zimeisha siku ya kwanza. Usichanganye mpya na nzee. Kama zinaisha haraka ajabu, rudi kwenye picha tupu au zima video ya usiku, kabla ya kumlaumu muuza duka.

Kadi ikigoma: tazama kile kifungio cha pembeni, kisha ifomati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye simu. Kamera nyingi za zamani hazisomi kadi inayozidi GB 32. Na kadi inayojitangaza kubwa kwa bei ya soda hujaza picha za wiki ya kwanza, kisha inaandika juu ya hewa. Ijaribu nyumbani kwa kuijaza mafaili na kuyafungua tena.

Kamera yenyewe imeshambuliwa

Fisi huuma plastiki. Nyani hugeuza kamera ikatazama shina la mti, na utapata picha 200 za gome. Mchwa hupanda kwenye mkanda wa kitambaa wakajenga hadi mlangoni. Siafu wakiamua kuhamia ndani ya kisanduku, usifungue kwa mkono mtupu; fungua mkanda kwa kijiti na uondoke upande wa upepo. Tembo ni habari nyingine. Sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti linasaidia dhidi ya udadisi, si dhidi ya hasira. Penye njia yao mimi hufunga juu kuliko mkonga unavyofika bila juhudi na kuinamisha kamera chini, nikijua kwamba hapo wadogo nitawakosa.

Mwizi wa miguu miwili hazuiliwi na kufuli. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kutega, mwonyeshe kamera na picha inazopiga, muulize nani hupita njia ile kutafuta kuni alfajiri. Ndani ya hifadhi huwezi kutega bila kibali, na kwa utafiti hapa Tanzania utapita COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Picha za watu zitakuwepo kwenye kadi yako hata ufanyeje: mama na mzigo wake, vijana wawili waliodhani wako peke yao. Zifute siku hiyo hiyo, mbele ya mwenyekiti akitaka, na uzitenge na za wanyama kabla mtu mwingine hajaomba "kuona tu" kadi.

Kuhusu yule mzee wa mihogo, niliishusha kamera hadi chini ya goti na kuigeuza mshazari. Usiku wa tatu, 01:47, alinaswa nungunungu mzima kutoka pua hadi mwiba wa mwisho, na nyuma yake, kwenye ukingo wa picha, amelala chali miguu juu, mbwa wa mzee.